Kabichi Chini ya Paa la Wafalme

Vigae vya paa la soko kuu la Budapest vilichomwa katika kiwanda cha Zsolnay, mjini Pécs, kusini mwa Hungaria. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichotoa vigae vya kanisa la Mátyás, kule kilimani upande wa Buda, kanisa ambalo mwaka 1867 Franz Joseph alivikwa ndani yake taji la ufalme wa Hungaria. Jiji lile, basi, lilipotaka kuezeka nyumba ya kuuzia vitunguu, liliagiza vigae kulekule vilikotoka vya nyumba ya kutawazia wafalme.

Ningependa jambo hilo lifikiriwe na kila mwenye sauti katika halmashauri zetu kabla hatujaingia ndani. Huku kwetu Tanzania jengo zuri la mji ni la benki, au la wizara, au la mfuko wa pensheni. Soko hupewa mabati, nguzo za mabomba na sakafu isiyo na mteremko, kisha mvua ikinyesha tunashangaa maji yametuama chini ya meza za mchicha. Tumefika mahali tunaita "soko la kisasa" soko lolote ambalo halivuji.

Mimi ni mtoto wa sokoni. Mama yangu alikuwa akipokea nyanya na kabichi za Lushoto shimoni mwa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, na hesabu nilizianza kwenye chenji kabla sijaziona ubaoni. Kwa hiyo nikifika mji wa watu, makumbusho yanaweza kusubiri. Nauliza kwanza: watu wa hapa wananunulia wapi vitunguu? Budapest swali hilo lilijibiwa na binti wa dada yangu, anayesoma uchumi katika chuo kikuu kilichoko pua na mdomo na soko lenyewe. Chuo kiko ndani ya jumba la zamani la forodha, kazi ya mchoraji majengo Miklós Ybl, kando kabisa ya mto Danube. Unatoka mlango wa chuo, unakata kona, soko hilo hapo: matofali mekundu na ya manjano, minara pembeni, na lile paa la kijani, kahawia na dhahabu lililopangwa kama mkeka wa ukindu.

Jengo lilichorwa na Samu Pecz na kufunguliwa tarehe 15 Februari 1897. Lilichelewa, kwa sababu mwaka uliotangulia, ujenzi ukiwa ukingoni, liliwaka moto. Nililifurahia hilo, nakiri, kwa ile furaha ndogo isiyo nzuri sana ya kusikia kwamba na wenzako yamewahi kuwafika. Lakini kilichonivutia zaidi ni kwamba halikufunguliwa peke yake. Siku ileile Budapest ilifungua majumba mengine ya soko, madogo zaidi, katika mitaa mingine ya upande wa Pest: Rákóczi tér, Klauzál tér, Hunyadi tér, na lile la mtaa wa Hold. Moja kubwa la jumla na rejareja, na mengine ya mitaa. Huo ni mpango, si jengo.

Mpango ule ulikuwa na sababu zake. Buda, Óbuda na Pest ziliunganishwa kuwa jiji moja mwaka 1873, na katika miaka ishirini hivi jiji likawa na watu zaidi ya nusu milioni wa kulishwa. Chakula kilikuwa kikiuzwa viwanjani na kwenye ukingo wa mto, juu ya vumbi wakati wa kiangazi na juu ya theluji wakati wa baridi, katikati ya farasi na mikokoteni. Hakuna aliyejua nyama imelala siku ngapi. Hakuna aliyejua bei ya jana. Meya wa kwanza wa jiji jipya, Károly Kamermayer, alishika uongozi hadi 1896, na majumba ya soko yalikuwa miongoni mwa kazi za zama zake. Hoja zilikuwa za afya, za bei na za kodi. Soko lenye paa linaweza kukaguliwa, linaweza kufungwa usiku, na linaweza kutozwa ushuru bila watu kukimbizana.

Nisilipambe sana. Majumba yalipofunguka, masoko ya wazi ya jirani yalifungwa, na aliyekuwa akiuza kwa kapu viwanjani hakuulizwa kama ana uwezo wa kulipia kizimba. Msomaji wa Dar es Salaam aliyeona machinga wakiondolewa barabarani hahitaji kuelezwa hali hiyo inafananaje. Wazungu nao walikuwa na machinga wao, na waliwaondoa.

Haya, tuingie ndani.

Kitu cha kwanza ni mwanga. Nguzo na mihimili ni ya chuma, myembamba kuliko unavyotarajia, na imebeba dari iliyo juu sana. Madirisha makubwa yako kwenye kuta na juu karibu na paa, kiasi kwamba saa tatu asubuhi ya mwezi wa kumi, nje kukiwa na mawingu, ndani unaona rangi ya kila pilipili. Ninaliandika hili kwa makusudi. Muuzaji wa nyanya anauza kwa macho ya mnunuzi. Soko lenye giza linamnyonya muuzaji mwaminifu na kumsaidia mwenye nyanya mbovu, na tunayo masoko ya mchana ambayo kijana analazimika kukumulikia bilinganya kwa simu.

Kitu cha pili ni sakafu, na hapa nilisimama hadi binti akaniuliza kama nimechoka. Njia kuu ni pana, mikokoteni miwili inapishana bila matusi. Njia ndogo zinakatana nayo kama mitaa. Chini ya miguu yako kuna ghorofa nzima ya ghala na maduka, na zamani kulikuwa na njia ya chini kwa chini iliyounganisha ghala hizo na ukingo wa Danube, ili mizigo ishushwe kutoka kwenye mashua na kuingizwa bila kupita katikati ya wanunuzi. Reli nayo ililetwa hadi sokoni. Aliyechora nyumba hii aliwaza kwanza gunia litaingilia wapi, kisha ndipo akawaza minara. Wengi wanaopiga picha minara hawajui kwamba uzuri wenyewe uko kule chini.

Vizimba vya chini ni vya nyama, mboga, matunda, asali, jibini na pilipili. Mabucha ni mengi mno, na sehemu kubwa ni nguruwe: soseji zimening'inia, vipande vya mafuta vimepakwa pilipili nyekundu. Mimi hapo napita kwa heshima bila kusimama, na wenyewe hawakuona ajabu. Baada yake kuna bata bukini, ambao Wahungaria wanawapenda kwa namna ambayo sikuwahi kuiona: kifua kilichokaushwa kwa moshi, mafuta ndani ya makopo, na maini yaliyovimba yanayouzwa kwa bei ya kito. Kuna mbegu nyeusi za mpopi, mifuko kwa mifuko, za kutia katika keki. Kuna jozi, kuna maboga, na mwezi huo zabibu za mezani zilikuwa zimejaa.

Lakini mfalme ni pilipili. Siyo kali peke yake. Iko ya unga mtamu usiowasha hata kidogo, iko ya wastani, iko inayotoa machozi, na iko mizima iliyotungwa kwenye uzi na kutundikwa kama shanga za bibi harusi wa Kimasai. Mmea wenyewe ni mgeni huko kama ulivyo mgeni kwetu. Ulitoka Amerika, na Hungaria ukaingia enzi za Waturuki. Sasa Szeged na Kalocsa, miji ya kusini, inajulikana duniani kwa unga huo. Ni Szeged ndiko mwanasayansi Albert Szent-Györgyi alikogundua kwamba pilipili hizo zina vitamini C tele, akaitoa humo kwa wingi, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Nilimwambia binti kwamba mzee huyo angekuja Lushoto angepata nyingine kwa hoho zetu. Akacheka, akasema, "Mama mkubwa, Nobel ilitoka kwa maabara, haikutoka kwa hoho."

Kabla hatujafika kwenye meza ya kwanza alikuwa amenionya: usiminye kitu. Muuzaji ndiye anayechagua, anayeweka kwenye mizani na kufunga. Kwa mtu aliyelelewa Kariakoo hilo ni gumu, maana kwetu mkono wa mnunuzi ndio ukaguzi pekee uliopo. Nyanya ninaiminya kwa sababu hakuna mwingine aliyeiminya kwa niaba yangu. Pale nilimtazama mama mmoja wa makamo, mwenye aproni ya buluu, akichukua nyanya mojamoja. Iliyokuwa na doa aliirudisha pembeni bila kuambiwa. Mizani ilikuwa inatazama upande wangu, bei ya kilo imeandikwa kwenye kibao kwa mwandiko unaosomeka, na hesabu ilitoka kama ilivyoandikwa.

Wanapima kwa deka, yaani gramu kumi. Mtu anaagiza jibini deka ishirini, pilipili ya unga deka tano, soseji deka kumi na tano. Bibi mmoja mbele yetu alinunua vitu vinane kwa namna hiyo, kila kimoja kidogo, na muuzaji hakuguna. Nikawaza gunia la rumbesa. Nikawaza mkulima wa viazi wa Njombe anayelipwa bei ya gunia moja huku amejaza gunia na kilemba juu yake, na mama wa Mbagala anayenunua fungu ambalo leo lina viazi saba na kesho vitano kwa bei ileile. Wakala wa Vipimo wamepiga marufuku rumbesa kwa miaka, faini zimetangazwa, na magunia yenye vilemba bado yanapanda malori. Mkulima anaibiwa kwa kuzidishiwa kipimo, mlaji anaibiwa kwa kupunguziwa, na katikati yupo mtu anayecheka.

Sisemi tuache kupatana bei. Soko la Budapest halina kupatana, na kwa hakika limepoa kidogo kwa sababu hiyo. Hakuna nyongeza, hakuna "nipunguzie mwanao", hakuna anayekuita dada wala shangazi. Mtu ananunua, analipa, anashukuru, anaondoka. Mama yangu angesema pale hapana soko, pana duka kubwa lenye kelele. Lakini unaweza kupatana juu ya bei ya kilo inayojulikana. Kupatana juu ya fungu ambalo hakuna ajuaye uzito wake ni kamari.

Tukateremka shimoni. Ngazi za kule chini zina harufu ya siki inayokupokea katikati ya njia. Huko ndiko kwenye samaki, wengine wakiwa hai ndani ya matangi ya maji, kambare na wale samaki wanene wa mito wanaoliwa huko wakati wa Krismasi. Na huko ndiko kwenye achari. Sikutegemea. Mitungi ya kioo imepangwa hadi juu: kabichi, matango, vitunguu, nyanya mbichi, pilipili zilizojazwa kabichi, na mingine wamepanga mboga kwa mzaha ziwe nyuso zinazocheka. Wakati wa joto wana achari ya matango wanayoianika juani katika mtungi wenye chumvi, bizari ya majani na kipande cha mkate juu, hadi ichachuke yenyewe bila siki. Bibi yangu wa Tanga alikuwa akianika embe na ndimu juu ya paa kwa imani ileile katika jua. Huko shimoni pia kuna duka la Aldi, moja ya maduka makubwa ya bei nafuu ya Kijerumani. Watu wengine wanalilaumu. Mimi niliona wazee wakinunua maziwa na sabuni pale, kisha wakipanda juu kununua nyama kwa bucha wao. Kama duka hilo linawafanya waendelee kuja, acha liwepo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike makala hii.

Wahungaria ni watu wa kuokota uyoga. Mvua za vuli zikinyesha, familia zinaingia msituni na vikapu. Na katika masoko makubwa ya nchi ile yupo mkaguzi wa uyoga, mtu aliyesomea kazi hiyo na kupewa cheti. Uyoga wa porini hauuzwi sokoni kabla hajauona. Na mwananchi wa kawaida, ambaye hauzi chochote, ameokota tu kikapu chake Jumapili, anaweza kumpelekea. Mkaguzi anamwaga kikapu mezani, anatenga wa kuliwa na wa sumu, anampa maelezo, na hamtozi hata senti. Nikamuuliza binti mara mbili kama nimesikia vizuri. Bure? Bure.

Nimekulia katika nchi ambayo msimu wa mvua ukianza, kando ya barabara za Iringa na Njombe watoto wananyoosha sufuria za uyoga kwa abiria wa mabasi. Uyoga mtamu kuliko wowote nilioula Ulaya. Na karibu kila msimu, mahali fulani, tunasoma habari ya familia iliyokula uyoga usiku na kufikishwa hospitali alfajiri, wengine wasirudi. Tunasoma, tunasikitika, tunafungua ukurasa wa michezo. Mkaguzi mmoja, meza moja, taa moja nzuri, katika soko kuu la kila mkoa wenye misitu: kitu hicho kinagharimu nini ukikilinganisha na gari moja la mkurugenzi? Tunao wataalamu wa uyoga katika vyuo vyetu vya kilimo na misitu, na tunao wazee wa kike wa vijijini wanaojua uyoga kuliko wataalamu hao. Wakae meza moja.

Hapo ndipo jumba la soko linapozidi kuwa paa. Ni mahali ambapo serikali ya mji inamsimamia mnunuzi kwa vitendo. Wakulima wadogo nao wana nafasi yao kisheria: mtu anayeuza alicholima mwenyewe ana hadhi yake na anaandikishwa hivyo, na kwenye masoko ya Hungaria utaona kibao mezani kinachosema hivyo. Mnunuzi anajua kwamba tufaha hili limechumwa na mikono inayompimia. Kwetu mkulima akifika sokoni na matenga yake ya nyanya anapokewa na dalali kabla hajashuka kwenye lori, na jioni anarudi kwao akiwa hajui bei aliyouziwa mali yake mwenyewe.

Kule juu ghorofani, mambo ni mengine.

Ghorofa ya juu imezunguka ukumbi kama roshani. Nusu ni vyakula vya kupikwa, nusu ni zawadi za watalii: vitambaa vilivyotariziwa maua ya Kalocsa, seti za sataranji, sumaku za friji, na hata wanasesere wa mbao wa Kirusi, wale wanaofichana tumboni, ambao hawana uhusiano wowote na Hungaria isipokuwa kwamba mtalii hajui tofauti. Njia ni nyembamba, watu wamesukumana na sahani za karatasi mikononi. Nilikula lángos, unga uliochachushwa na kukaangwa ukawa bapa kama sahani, unapakwa kitunguu saumu na krimu iliyochachuka, juu jibini. Binti alimuuliza muuzaji kwa niaba yangu inakaangwa kwa mafuta gani; yule bwana hakujibu kwa mdomo, aliinua dumu la mafuta ya alizeti akalionyesha. Ilikuwa tamu. Ilikuwa pia ghali kuliko ile ile inayouzwa mtaani kwa binti, na tuliila tumesimama, kiwiko cha mtu kikiwa ubavuni mwangu.

Sina ugomvi na watalii. Siku ile nilikuwa mmoja wao. Margaret Thatcher mwenyewe alipita katika soko hili mwaka 1984, wakati Hungaria ikiwa bado chini ya ukomunisti, na wenyeji hawajachoka kulisimulia. Ugomvi wangu ni na hesabu ya kodi ya pango. Mwenye sumaku za friji anapata faida ambayo muuza karoti hawezi kuipata, kwa hiyo anaweza kulipa pango ambalo muuza karoti hawezi. Ukiliacha jambo hilo lijiendee lenyewe, karoti zinaondoka. Jumba la mtaa wa Hold, mmoja wa ndugu wadogo waliofunguliwa siku ileile ya 1897, leo linajulikana zaidi kwa migahawa ya chakula cha mchana cha watu wa maofisini. Ni pazuri, panapendeza, na mstaafu hana alichofuata pale. Binti wa dada yangu, anayesoma ukutani mwa soko kuu, mboga zake hanunui humo. Anapanda treni hadi Lehel, jengo la mwaka 2002 lililochorwa na László Rajk, lenye rangi za kelele na umbo ambalo nusu ya jiji inalicheka. "Pale ndipo wanaponunua watu," aliniambia. Nilikwenda naye. Paa lake halina kigae hata kimoja cha Zsolnay, na foleni ya vitunguu ilifika mlangoni.

Hata hivyo soko kuu halijafa, na wasomaji wasidanganyike na picha za mitandaoni. Milango inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa hiyo mtalii amelala. Tulirudi mapema siku nyingine: wazee na vikapu vya magurudumu, wapishi wa mahoteli, bucha anayemwita mteja kwa jina. Miaka ya 1990 mwanzoni jengo lilikuwa limechakaa hadi likafungwa, likakarabatiwa kwa miaka, likarudi kuwa soko. Lingeweza kurudi likiwa makumbusho au duka la nguo. Jiji lilibaki na umiliki, na idara ya jiji inayosimamia masoko ndiyo inayoamua ghorofa ya chini iuze nini. Ndiyo maana chini bado kuna kabichi.

Na sisi tulikuwa nalo jumba letu. Tusisahau. Kariakoo iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975 ilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na ilikuwa jengo la kujivunia kwa kipimo chochote: miavuli mikubwa ya zege iliyofunika ukumbi na kukusanya maji ya mvua, hewa ikipita pande zote bila feni, na shimoni chini kwa biashara ya jumla. Amuli naye aliwaza gunia litaingilia wapi. Alifanya kwa zege na kwa jua la pwani kile alichofanya Pecz kwa chuma na theluji, na sijui kwa nini wanafunzi wetu wanaweza kukuchorea mnara wa Eiffel lakini si mwavuli wa Kariakoo. Kisha tukalibana jengo lile. Vibanda vikaota kwenye njia za hewa, nyaya zikapandana, maghala yakajazwa hadi darini, na usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto ukapita. Wafanyabiashara wakatawanywa katika masoko mengine ya jiji, serikali ikatoa mabilioni ya kulijenga upya na kuongeza jengo jipya pembeni.

Fedha hizo ni halali na kazi ilikuwa ya lazima. Wasiwasi wangu ni juu ya kinachofuata baada ya utepe kukatwa, Kariakoo na katika kila mji unaojengewa soko jipya hivi sasa, kuanzia Mtwara hadi Kigoma. Nani atapata kizimba cha chini, karibu na mlango: muuza mchicha au muuza makava ya simu? Pango litawekwa kwa hesabu ya nani? Mizani itatazama upande upi? Tunasifu majengo kwa idadi ya ghorofa na gharama, na hatuulizi kama mama wa bamia ameweza kurudi.

Soko ninalonunua mimi, ambalo sitalitaja, linakusanya ushuru kila asubuhi. Kijana anapita na kimashine cha risiti, hakosi hata siku ya mafuriko. Choo ni kimoja na kinalipiwa. Maji yanaletwa kwa madumu na wauzaji wanachanga. Mizani ya kuhakiki haipo. Taa za njia ya nyuma zilikufa kitambo, na wauza dagaa wanafunga biashara magharibi kwa kuogopa giza. Ushuru unaenda makao makuu ya halmashauri na huko unapotelea katika kapu moja na mapato mengine.

Ninachoomba si vigae vya rangi, ingawa sioni kwa nini Mtanzania anayeuza kabichi asistahili navyo. Naomba kila halmashauri itenge, kwa sheria ndogo, sehemu inayojulikana ya ushuru wa soko irudi sokoni humo humo: maji, choo cha bure kwa wanaolipa ushuru, taa, mizani moja ya halmashauri mlangoni ambayo mnunuzi yeyote anaweza kupimia alichouziwa, na mkaguzi wa vyakula anayekuja kukagua, si kuchukua. Naomba vizimba vya ghorofa ya chini viwekwe kwa ajili ya chakula pekee, na pango lake lisifuate pango la simu na nguo. Na kule Iringa, Njombe na Mufindi, naomba meza ya uyoga kabla ya mvua zijazo.

Bajeti za halmashauri hujadiliwa mwanzoni mwa mwaka, na diwani wako unamjua kwa jina. Mtafute kabla ya kikao, umuulize mwaka jana soko lenu lilikusanya shilingi ngapi za ushuru na ngapi zilirudi sokoni. Muulize kwa maandishi. Jibu atakalokupa, au barua isiyojibiwa, lilete kwa mhariri wa gazeti hili.